Mshono wa Chini

Walikuwa wameipindua mashua tumbo juu, wakailaza juu ya vigogo viwili katikati ya banda, na sasa Inspekta alikuwa amepiga magoti kando yake akichokoa mshono mmoja kwa ncha ya bisibisi. Maranda yalimganda kwenye sketi. Nyuma yake alisimama Koplo, kijana mwenye majibu mengi kuliko maswali, na kando ya Koplo alisimama Fundi Mkuu wa shule, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa kutambua maiti.

Na kutambua maiti alikuwa ameshatambua. Siku ile kijana waliyemwita Rula alipookotwa kwenye matete, Fundi Mkuu ndiye aliyepelekwa kumtazama usoni kwanza, kabla ya baba yake kufika.

Shule yenyewe haikuwa kubwa. Banda refu la mabati, bweni, ofisi moja na gati fupi la mbao, pale mto unapoingia kwenye maji makubwa. Ilifundisha vijana kuunda vyombo vya mbao kwa njia ya zamani, kwa tezo, kekee na jicho. Mwaka huu ziliundwa mashua mbili za umbo moja, ubavu kwa ubavu ndani ya banda hili. Moja ilisimamiwa na Rula, aliyepewa jina hilo kwa sababu alipima kila kitu mara mbili, hata mkate. Nyingine ilisimamiwa na Redio, aliyepewa jina lake kwa sababu hakuzimika. Hao ndio wanafunzi bora wawili, na nafasi ya ualimu msaidizi ilikuwa moja.

Siku ya majaribio kila mmoja alipewa mashua peke yake, atoke gatini, azunguke nguzo ya taa na kurudi. Redio alirudi. Rula alifika kwenye nguzo, mashua ikaanza kujaa maji, ikalala ubavu. Mawe ya farumi, yale yanayowekwa chini ili chombo kitulie, yakahamia upande mmoja. Mlingoti ukampiga kichwani. Waliokuwa gatini waliona yote na hawakuweza kitu.

Askari wa doria ya majini waliandika ajali. Faili lingelala kabatini hadi leo kama si baba yake Rula. Mzee huyo, fundi makochi, alikuwa akija kituoni kila asubuhi, anakaa kwenye benchi la wageni na kumwambia kila afisa apitaye neno lilelile: mwanangu hakuzama, mwanangu kazamishwa. Wakamfariji. Wakamkaripia. Mwisho wakaanza kupitia mlango wa nyuma ili wasikutane naye. Inspekta, ambaye vijana wa kituoni walimwita Shangazi, akiwepo na asipokuwepo, ndiye aliyekaa naye benchini akamsikiliza mpaka mwisho. Na ndiye aliyeomba mashua ivutwe kutoka chini ya maji.

"Njoo utazame, Fundi," alisema.

Fundi Mkuu akachutama. Chini ya lami, mahali palipopaswa kuwa na kalafati, ile pamba ya kuzibia mianya ya mbao, Inspekta alikuwa amechomoa kitu cha kijivu, chepesi, chenye vipande vya nyuzi nyekundu na kijani. Fundi akakiviringisha kati ya vidole. Kikasambaratika.

"Hii si yetu," alisema.

Alieleza taratibu. Wao walitumia pamba nyeupe, iliyosokotwa kama kamba na kulowekwa mafuta, ikapigwa kwa nyundo ya mti mpaka iwe ngumu kama ubao wenyewe. Kuitoa lazima uikate kwa kisu na kuivuta kidogo kidogo. Aliingiza kidole kwenye mshono akakipitisha, na kile kitu cha kijivu kikaendelea kutoka mpaka urefu wa mkono mzima, kando kabisa ya mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, chini kule ambako mashua ikisimama hakuna anayepatazama. Pale kilipokoma, pamba nyeupe ilianza, na ncha yake ilikuwa imekatwa safi.

"Kuna mtu kafumua," alisema Fundi. "Kafumua, kajaza takataka, kapaka lami juu."

"Ingeshika?"

"Gatini ingeshika. Tanga likijaa, mbao zinafanya kazi. Zinaachia, zinabana. Kalafati nzuri inafuata mbao. Hii…" Akakipuliza kile kipande, kikapeperuka.

Inspekta akatia kile kitu ndani ya bahasha na kusimama kwa kushikilia ubavu wa mashua. Magoti yake yalilia, na Koplo akajifanya hakusikia. Akauliza ni nani aliyetia kalafati mshono huu, na aliuliza kwa utaratibu tu, kwa sababu jibu alidhani analijua.

"Redio," alisema Fundi Mkuu. "Yeye na wenzake."

"Redio alitia kalafati mashua ya Rula?"

"Hapana, mama. Hii ni mashua ya Redio."

Koplo akafungua faili, akapekua, akasoma kwa sauti: mashua ya marehemu. Ndivyo doria walivyoandika, na ndivyo kila mtu alivyosema tangu siku ile, kituoni, msibani na magazetini. Mashua ya Rula. Fundi Mkuu akatikisa kichwa. Marehemu aliipanda tu, na vijana waliposema mashua ya Rula walimaanisha aliyofia. Mashua aliyoiunda Rula ndiyo ile pale ukutani, nzima, haijaguswa.

Maelezo yake yalitoka kwa shida. Alikuwa na imani kwamba fundi hawezi kukisengenya chombo chake mwenyewe; akikipanda hukisamehe makosa, kama mzazi. Basi asubuhi ile, vijana wote wakiwa wamejipanga gatini na mashua zikiwa tayari zinaelea, alitoa amri ambayo hakumwambia mtu kabla: Rula apande ya Redio, Redio apande ya Rula, kisha kila mmoja aseme alichokiona. Alidhani ni jambo la busara.

"Hakuna aliyejua kabla?" Inspekta aliuliza.

"Hata mke wangu hakujua."

Simu ya Koplo ikalia. Alikuwa mkuu wa kituo. Magazeti yalikuwa yanamsumbua, na alitaka kujua kwa nini yule kijana mpinzani bado analala bwenini badala ya mahabusu. Koplo akajibu ndiyo afande, ndiyo afande, akakata simu akiwa na uso wa mtu aliyepewa ruhusa. Yeye kwa upande wake hakuona ugumu. Waliokuwa wanagombea nafasi walikuwa wawili, mmoja kafa, mashua iliyomuua imeundwa na aliyebaki. Na kulikuwa na mto wa kulalia.

Mto wenyewe Koplo alikuwa ameupata asubuhi hiyo bwenini, kwenye kitanda cha Redio, umepasuliwa ubavuni na kushonwa tena ovyo ovyo, na nusu ya ulichojazwa haimo.

Walimhoji Redio ndani ya stoo ya vifaa, kwenye meza iliyojaa patasi. Kama alikuwa na sauti ya redio zamani, sasa betri zilikwisha. Alijibu kwa maneno mawili, matatu, macho kwenye patasi. Koplo akamwekea mto mezani akamtaka aeleze. Redio akasema aliupasua mwenyewe, usiku wa siku ile. Kwa nini? Alikuwa hapati usingizi. Kwa hiyo ndiyo unapasua mto? Akasema ni hasira; vipande alivitupa majini.

Koplo akatoa kisu chake, akaukata ule mshono wa ovyo na kuumwaga mto mezani. Vikatoka vipande vya sponji, vya njano, vidogo vidogo kama vya kuoshea vyombo. Inspekta akachota kidogo kutoka kwenye bahasha yake akaweka kando. Kijivu na njano. Hata Koplo hakuhitaji kuambiwa.

"Endelea kunieleza habari za siku ile," Inspekta alimwambia kijana. "Fundi aliposema mbadilishane."

Redio akaeleza kwamba yeye alikasirika. Aliijua mashua yake, alitaka kuipanda mwenyewe. Rula ndiye aliyecheka. Rula alimpiga bega akamwambia leo na mimi nitapanda mashua nzuri. Hakuwa anatania; Rula hakuwa na utani wa namna hiyo. Mara nyingi alikuwa amempimia Redio mbao zake na kumwambia zimekaa vizuri kuliko zangu. Alisema wazi kwamba nafasi ile ni ya Redio, na kwamba yeye ataomba kazi kwenye karakana ya mjini.

"Alisema kwa nani?"

"Kwa wote. Mpaka kwao alisema. Aliniambia kamwambia baba yake ajiandae, mwaka huu hatashinda." Kijana akainua macho kutoka kwenye patasi. "Kalafati niliisimamia mimi, mama. Mshono kwa mshono. Kama nilikosea, ninyongeni, lakini sikumwekea mtu takataka."

Inspekta akamruhusu aende. Koplo alitaka kupinga lakini Shangazi alikuwa ameshatoka nje.

Walisimama kwenye gati. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya jana, yakienda kasi chini ya mbao. Inspekta akamtaka Koplo aeleze mambo kwa mpangilio, kama anavyoeleza hakimu, na Koplo akaanza. Mshono ulifumuliwa mashua ikiwa bado bandani, juu ya vigogo, maana ikishaelea huwezi kuufikia. Kwa hiyo ulifumuliwa kabla ya asubuhi ya majaribio. Na kabla ya asubuhi hiyo…

Akasita.

"Sema," alisema Inspekta.

"Kabla ya asubuhi hiyo, kila mtu alijua kwamba mashua hii ataipanda Redio."

"Basi aliyeufumua alikuwa anamtafuta nani?"

Koplo akakuna shingo. Alitafutwa Redio, akapatikana Rula. Kwa hiyo tuseme Rula mwenyewe ndiye aliyefanya, ili ashinde. Lakini hapo hapo alijijibu: Rula asingekanyaga ndani ya chombo alichokitoboa yeye. Angeugua tumbo ghafla, angepata kisingizio. Rula alipanda akicheka. Wenzake Rula, basi? Inawezekana. Lakini Rula alikuwa ameshawaambia ameshindwa, na wao walikuwa wameshakubali, tena walikuwa wakipiga nyundo kwenye mashua zote mbili kwa zamu.

"Mtu aliyetaka Rula ashinde," alisema Inspekta, "kuliko Rula mwenyewe alivyotaka."

Alirudi kwa bawabu wa lango akamwuliza ni wageni gani walioingia juma lile la mwisho. Bawabu alikuwa mtu wa kukumbuka kwa vidole. Muuza mbao na gari lake. Mpaka rangi wa vibao. Na baba wa marehemu, maskini, aliyekuja kutengeneza viti vya ofisini ili wageni wa siku ya kuzindua wasikae kwenye springi za waya. Alisema hilo la mwisho kwa sauti ya chini, kama unavyomtaja aliyefiwa, na Koplo hakuliandika. Ukimwandika mfiwa kati ya washukiwa, hata kalamu inaona haya.

Inspekta alivuka uwanja mpaka ofisini.

Mkuu wa Shule alikuwa mwanamke mrefu mwenye wasiwasi wa muda mrefu. Alimkaribisha kiti akaanza kuuliza kama jina la shule litatajwa mahakamani. Inspekta akakaa. Kiti kilikuwa kizuri, kimejaa, kitambaa kimevutwa sawasawa bila kunyanzi, mshono umenyooka kuliko wa kiwandani. Akakisifu, akauliza kilifanyiwa kazi wapi, maana ofisi ilikuwa finyu. Mkuu wa Shule akasema mzee alipewa nafasi bandani, penye kivuli, katikati ya zile mashua mbili, na alifurahi sana kwa sababu mwanawe alimtembeza na kumwonyesha: hii yangu, ile ya Redio. Wanafunzi wakienda kula mchana, mzee alibaki. Alisema kazi ya watu haimalizwi kwa kukaa mezani.

Inspekta akainuka, akakigeuza kiti miguu juu, akaomba ruhusa, na bila kungoja ruhusa hiyo akakata mshono wa chini kwa kisu cha Koplo. Kikamwagika kitu cha kijivu, matambara yaliyosagwa, yenye nyuzi nyekundu na kijani.

Mkuu wa Shule aliuliza kama viti vyote vitachanwa. Inspekta alikuwa akijaza bahasha ya pili.

Ndani ya gari Koplo alikaa na mikono juu ya usukani bila kuwasha.

"Lakini yeye ndiye aliyetusumbua tufungue faili," alisema. "Shangazi, mtu gani anajichongea mwenyewe?"

"Mtu asiyejua," alisema Inspekta. "Twende."

Nyumba ya fundi makochi ilikuwa mwisho wa mtaa wa mafundi, kati ya mchomeleaji na muuza vioo. Chumba cha mbele kilikuwa karakana: fremu za makochi zimepangana mpaka darini, magunia ya pamba ya matambara, chupa ya misumari midogo. Watu wa matanga walikuwa wameshatawanyika. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda akishona mto wa kiti, maana kazi za watu zilikuwa zimerundikana, na alipomwona Inspekta hakuinuka, aliuliza tu.

"Mmeshamkamata?"

Inspekta akampa pole upya, kwa desturi, akaketi kwenye kochi lisilo na kitambaa. Mke wa mzee alichungulia kutoka uani, akasalimia, akarudi kwenye jiko lake. Koplo akabaki mlangoni. Mzee alianza hotuba yake ya kila siku. Yule kijana mwenye domo ndiye, asitafutwe mwingine. Aliona atashindwa, akaingia usiku akaiharibu mashua ya mwenzake. Mashua aliyoiunda mwanangu kwa mikono yake, mama, miezi yote ile, anarudi nyumbani vidole vimechubuka. Alisema na huku sindano inaingia na kutoka, uzi unavutwa, sindano inaingia na kutoka.

"Mzee, umeshakwenda kuiona hiyo mashua?"

Hapana. Hakutaka kukanyaga pale tena. Akiiona ataichoma moto.

Inspekta akauliza kama ni kweli Rula alikuwa amemwambia hatashinda. Mzee akasema vijana husema mengi. Akaulizwa tena. Akasema ndiyo, alisema, hapo hapo ulipokaa wewe, akila, kama mtu anayesimulia habari za mvua. Baba, mashua ya mwenzangu nzuri kuliko yangu. Hakuona hata aibu. Mzee mwenyewe alikuwa ameshatangaza mtaa mzima, kwa mchomeleaji, kwa muuza vioo, kwamba nyumba hii imetoa mwalimu. Yeye aliacha shule akiwa hajui hata kuandika vizuri. Maisha yake yote alitengenezea watu mahali pa kukalia, na yeye akasimama.

"Ndipo ukaenda kutengeneza viti vya shule."

"Waliniita. Kazi ni kazi."

"Ukafanyia bandani."

Sindano ikaingia, ikatoka.

Inspekta alikuwa ameshahoji wezi, wauaji na wanaume waliopiga wake zao mpaka wakafa, na alijua namna ya kumbana mtu. Safari hii hakutaka kumbana. Aliegemeza viwiko magotini, akasema polepole, ili asihitaji kurudia.

"Mzee. Siku ile mwanao hakupanda mashua yake. Mwalimu wao aliwabadilisha palepale gatini. Redio alipanda ya mwanao. Mwanao alipanda ya Redio."

Mkono uliendelea kuvuta uzi. Ulivuta mpaka uzi wote ukapita, ncha ikachomoka kwenye kitambaa, na bado mkono ukaenda juu, ukabaki hewani na sindano na uzi mtupu.

"Ipi ilizama?" aliuliza.

"Ya Redio."

"Iliyokuwa upande wa mlango?"

"Ya upande wa mlango. Ile aliyokuonyesha mwanao."

Jikoni kulikuwa na mlio wa mwiko ndani ya sufuria. Mzee akaichomeka sindano kwenye mto kwa uangalifu, kama mtu anayejua kwamba watoto hupita. Akayatazama magunia yake ya matambara. Midomo ilianza kusogea kabla sauti haijafika.

Alisema alitaka ipige maji kidogo tu. Aliwahi kuona chombo kipya kinavuja gatini siku ya kwanza, watu wakacheka, mwenye chombo akaona haya, akakipandisha akakirekebisha, hakuna aliyekufa. Alilala chini ya mashua mchana, vijana wako mezani. Kufumua si kazi kwake, kafumua maisha yake yote. Lami ilikuwepo pale kwenye kopo. Aliporudi nyumbani alikula vizuri. Siku walipokuja kumwambia mashua ya mwanao imezama, alijua papo hapo kwamba Redio amefanya vilevile alivyofanya yeye, ila kwa mashua nyingine. Kwa nini ya Redio ilirudi salama, hilo lilimsumbua kidogo, kisha akasema pengine kazi yake mwenyewe haikuwa nzuri.

"Ulidhani Redio anajua kuogelea?" aliuliza Inspekta.

Mzee akamtazama kama aliyeulizwa kwa lugha nyingine.

"Angekuwemo yeye. Na mkondo ni ule ule, na nguzo ni ile ile. Naye ana baba, mzee."

Mlangoni Koplo akasafisha koo, akasema, si kwa ubaya, ni ulimi tu uliomponyoka:

"Mchimba kisima…"

"Nenda ukageuze gari," alisema Inspekta.

Koplo akaenda.

Mzee alisimama. Alikuwa mfupi kuliko alivyoonekana kwenye benchi la kituoni. Hakuomba asikamatwe, aliomba jambo moja, kwamba mkewe asisikie kwa askari. Aachiwe amwambie yeye. Sheria haikusema lolote juu ya hilo. Inspekta akamwambia aache mlango wa uani wazi, asisogee zaidi ya jiko, na yeye akabaki karakanani, amesimama mahali anapoweza kuona mgongo wake.

Hakusikia maneno. Aliona mgongo wa mzee umeinama, na mbele yake mwanamke ameshika mwiko. Mzee alisema kidogo, akanyamaza, akasema tena. Mwiko ukashushwa juu ya mfuniko. Mwanamke akauliza swali moja, fupi, na mzee akaitikia kwa kichwa. Akauliza tena swali lilelile. Mzee akaitikia tena. Basi yule mama akageuka, akalimwagia maji jiko la mkaa kutoka kwenye kata, moshi ukapanda, akampita mumewe bila kumgusa wala kumtazama, akaingia chumba cha kulala akafunga mlango.

Mzee alibaki kwenye ule moshi. Inspekta akaenda, akamshika kiwiko, akamwongoza kupita kati ya makochi ya watu mpaka barabarani. Mchomeleaji aliinua miwani yake ya kiza, akamsalimia fundi mwenzake, akasema kwa nguvu kwamba ni jambo jema kwamba serikali sasa inamsaidia. Mzee akaingia garini kwa kandambili zake za ndani. Koplo akapanda nyuma kando yake, akamwachia nafasi.

Inspekta alikuwa ameshashika mpini wa mlango wa dereva alipoitwa kutoka kizingitini. Mama yake Rula alikuwa amesimama pale, macho makavu, kitu kimekunjwa kifuani.

"Huko mahabusu kuna baridi?"

"Ipo, dada. Hasa alfajiri."

Akanyoosha mikono. Ilikuwa sweta nzito ya rangi ya udongo, viwiko vimeshonwa viraka kwa mkono wa fundi.

"Mpeni," alisema. "Msiseme nimetoa mimi."

Akafunga mlango, na komeo likasikika.

Waliupita mtaa wa mafundi, wakaingia barabara kuu. Mzee alikuwa akitazama mikono yake. Walipofika kwenye kona ya kituo ndipo alipouliza, bila kuinua kichwa, kama mkewe alisema chochote.

"Hapana," alisema Inspekta, akasimamisha gari, akageuka na kumpa sweta.